Maswali ya Wasomaji: Kukipamba Kichwa cha Treni na Mabehewa Yake

Barua za safari hii zote zinahusu treni kubwa za modeli, zile zinazokwenda kwenye reli ya upana wa milimita 45. Kwenye ukubwa huo kila kipuri kinaonekana, hadi mkwaruzo wake, na kila kilichoongezwa lazima kistahimili kushikwa na mikono, jua na kona. Tumejibu kwa urefu pale tatizo lilipo na mizizi mingi.

Nina kichwa cha mvuke cha skeli ya 1:22.5, mabehewa mawili ya 1:29 na pakiti ya vipuri vya shaba vya 1:20.3. Vyote vinakaa kwenye reli moja, lakini nikivipanga pamoja macho yanakataa. Shida iko wapi?

Reli ni moja, ila njia halisi zinazoigizwa ni tofauti. Njia ya mita moja ukiigawa kwa 22.5 unapata milimita 44.4. Njia ya milimita 914 ukiigawa kwa 20.3 unapata 45. Njia ya kawaida ya milimita 1,435 ukiigawa kwa 32 unapata 44.8. Zote hizo zinakaribiana na 45, ndiyo maana watengenezaji wanazitumia reli zilezile. Skeli ya 1:29 ndiyo iliyojitenga: njia ya kawaida ingepaswa kuwa na upana wa milimita 49.5, kwa hiyo mabehewa yako ni mapana kidogo kwa reli yanayokanyaga.

Jicho hupima kwa kutumia vitu vinavyoguswa na binadamu. Mtu wa mita 1.75 ana urefu wa milimita 86 kwenye 1:20.3, 78 kwenye 1:22.5, 60 kwenye 1:29 na 55 kwenye 1:32. Mlango wa mita 1.85 ni milimita 82 kwenye kichwa chako, lakini ni 64 tu kwenye mabehewa yako. Hapo ndipo macho yanapokataa.

Hivyo basi, milango, ngazi, vishikio, usukani wa breki, viti na sanamu za watu lazima vifuate skeli ya chombo vinapowekwa, bila msamaha. Kengele, dohani, taa ya mbele, masanduku ya vifaa na pampu ya hewa vina uhuru zaidi, kwa sababu hata kwenye treni halisi vilitengenezwa kwa ukubwa mbalimbali. Kengele ya 1:20.3 juu ya boila la 1:22.5 haitamsumbua mtu. Dereva wa 1:20.3 kwenye kibanda cha 1:22.5 atagonga dari.

Mabehewa ya 1:29 yanaweza kuokolewa kama ni ya mizigo na hayana mlango wa mtu. Badilisha usukani wa breki na ngazi za pembeni uweke vya 1:22.5, na behewa litasomeka kama behewa dogo la njia nyembamba. La abiria liache kwenye treni ya skeli yake.

Kichwa changu kinakaa nje muda mwingi. Vishikio vya plastiki vilivunjika, nikaweka waya wa shaba ya njano na kugandisha kwa supaglu kwenye kila kinguzo, kile kijiti kinachoushika waya kwenye boila. Vingine vimechomoka, kimoja kimepinda katikati. Nifanye nini?

Usiilaumu supaglu peke yake. Kosa kubwa ni kugandisha kishikio kwenye kila kinguzo. Plastiki ya ABS hutanuka kwa joto takriban mara nne ya shaba ya njano. Kwenye boila la milimita 400, joto likipanda nyuzi 30 kati ya alfajiri na mchana, plastiki inarefuka karibu milimita 1 wakati waya unarefuka robo tu ya milimita. Tofauti hiyo lazima itokee mahali: ama gundi inaachia, ama waya unapinda plastiki inaporudi. Kishikio kirefu kigandishwe upande mmoja tu, na kwenye vinguzo vingine kipite kwenye tundu bila kubanwa.

Unene wa waya upige hesabu. Bomba la kushikia la milimita 32 ni 1.4 kwenye 1:22.5, 1.1 kwenye 1:29 na 1.0 kwenye 1:32. Wengi huweka waya wa milimita 2 kwa kuhofia kuvunjika, na kichwa chote kinaonekana kama cha kuchezea. Shaba ya milimita 1.4 inatosha kabisa kustahimili mkono wa mtu, mradi vinguzo vimeshikwa vizuri.

Kunyoosha waya, bana ncha moja kwenye jiliwa, nyingine kwenye drili, vuta taratibu huku ukizungusha mara mbili au tatu. Unatoka umenyooka na mgumu zaidi. Pale tu panapotakiwa kukunjwa, pasha moto mpaka shaba iwe nyekundu hafifu, acha ipoe, kisha kunja juu ya kipande cha chuma chenye unene unaoutaka. Usiupashe waya wote, utapoteza ugumu kwenye sehemu iliyonyooka.

Tundu za vinguzo zianze kwa alama ya sindano, vinginevyo biti itateleza kwenye mduara wa boila. Toboa kwa drili ya mkono, biti ya milimita 1 kwanza, halafu ile ya mwisho. Drili ya umeme ikienda kasi inayeyusha plastiki, inajiviringisha kwenye biti na tundu linatoka pana. Kinguzo kizuri kina mkia wenye nyuzi unaopita hadi ndani ya boila na kufungwa kwa nati na washa. Kama mkia hauna nyuzi, uache utokeze milimita 4 au 5 ndani, ukunje kidogo, ndipo uweke epoksi. Hapo mzigo unabebwa na chuma, gundi inazuia tu kuzunguka. Tundu la kupitishia waya wa 1.4 liwe 1.6.

Kama kuna kulehemu, lehemu kabla ya kufunga kwenye plastiki. Risasi ya kulehemu ya kawaida, ya 60/40 (bati 60, risasi 40), inayeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190, na ABS inalainika kabla ya hapo.

Kuhusu gundi, jua kwanza umeshika plastiki gani. Weka tone la gundi ya stairini upande wa ndani usioonekana, subiri dakika moja, bonyeza kwa sindano. Ikilainika ni stairini. Isipolainika, jaribu gundi yenye MEK, kiyeyusho kikali zaidi: ABS italainika kwa hiyo. Kama zote mbili hazifanyi kitu na plastiki inateleza mkononi kama imepakwa nta, hiyo ni asetali au nailoni, ambazo hutumika sana kwenye kapla (viungo vya kuunganisha mabehewa) na fremu za bogi (vigari vya magurudumu vinavyozunguka chini ya behewa). Usipoteze gundi hapo, tumia skrubu.

Na supaglu iwe mbali na madirisha. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo cha plastiki. Vioo vigandishwe kwa gundi nyeupe ya maji.

Nataka kurefusha kuta za tenda, lile behewa la makaa na maji nyuma ya kichwa, kwa shiti ya stairini yenye riveti. Shiti ya kwanza imevimba mapovu baada ya wiki tatu na ukuta umejikunja. Riveti zenyewe ni bora kuzipiga au kununua zilizochapwa?

Mapovu yanatokana na kimiminika cha gundi kilichonaswa kati ya shiti mbili. Hakina pa kutokea, kinaendelea kulainisha ile nyembamba hadi inanyanyuka. Kwenye shiti ya ndani (milimita 1 au 1.5) toboa tundu za milimita 1 kila baada ya milimita 20 kabla ya kugandisha, paka gundi kidogo, na iache iishe harufu kwa siku kadhaa kabla ya rangi. Kujikunja kunatokana na kubandika upande mmoja. Bandika shiti ya unene uleule upande wa pili pia, hata kama hautaonekana, ili pande zote zivutane sawa.

Kwa riveti nyingi zilizo kwenye mstari, kupiga mwenyewe kunalipa. Chukua shiti ya milimita 0.25, ilaze juu ya kadi laini, bandika karatasi ya miraba nyuma yake, na bonyeza kwa sindano butu kufuata mistari. Kichwa cha riveti cha milimita 25 ni 1.1 kwenye 1:22.5. Bonyeza zote kwa nguvu moja. Riveti moja kubwa kuliko jirani zake inaonekana kuliko riveti iliyokosekana. Zile za resini zilizo kwenye karatasi ya dekali (picha za kubandika kwa maji) zinafaa zaidi pale pasipopigika, kama kwenye mduara wa boila au mwili uliokwisha fungwa, lakini zinahitaji praima juu yake kabla hujazishika.

Nimehamisha kapla kutoka kwenye bogi na kuzifunga kwenye sakafu ya behewa. Treni inapendeza na mabehewa yamekaribiana, lakini behewa refu linaacha njia kila likiingia kona. Kona zangu ni za R1, zile kali kabisa. Behewa lina urefu wa milimita 520 kapla kwa kapla, na pini ambazo bogi huzungukia ziko umbali wa milimita 400.

Vipimo ulivyotuma vinatosha kujibu. Kapla ikiwa kwenye bogi, inafuata reli pamoja na bogi. Ikiwa kwenye sakafu, inafuata behewa, na ncha ya behewa kwenye kona inatoka nje ya mstari wa reli. Inatoka kiasi gani? Chukua umbali kutoka katikati ya behewa hadi kapla, uzidishe wenyewe kwa wenyewe: 260 mara 260 ni 67,600. Chukua nusu ya umbali wa pini, uzidishe vivyo hivyo: 200 mara 200 ni 40,000. Toa, unabaki na 27,600. Gawa kwa nusukipenyo cha kona mara mbili. R1 ya LGB, kampuni ya Ujerumani ya treni hizi, ina nusukipenyo cha milimita 600, kwa hiyo gawa kwa 1,200. Jibu ni milimita 23.

Mabehewa mawili yaliyofanana yakiwa yote ndani ya kona hayana ugomvi, kwa sababu yote yanatoka nje sawasawa. Balaa liko mlangoni mwa kona: moja bado liko kwenye reli iliyonyooka, jingine limeshatoka milimita 23, na kapla haina nafasi ya kucheza kiasi hicho ndani ya boksi lake. Inabaki kusukuma, na gurudumu lenye mzigo mdogo linapanda reli. Kwenye kona za S hali ni mbaya maradufu, moja linatoka kushoto na jingine kulia, jumla milimita 46. Ukienda kwenye kona ya R3, yenye nusukipenyo cha 1,195, zile 23 zinashuka hadi 11.5.

Kwa hiyo una njia tatu, na ushauri wetu uko wazi: kama huwezi kupanua kona, rudisha kapla kwenye bogi kwa behewa hili na uache zile za sakafuni kwa mabehewa mafupi. Njia ya pili ni kuweka reli iliyonyooka ya angalau milimita 520 kati ya kona mbili zinazopingana, na kapla zenye shingo ndefu na boksi pana, lakini kwenye R1 hilo linapunguza tatizo tu. Ya tatu ni kupanua kona. Kapla za sakafuni zinafaa kweli kwa treni ndefu zinazosukumwa nyuma, maana nguvu inapita kwenye mwili badala ya kukunja bogi. Thamani hiyo inaonekana kwenye kona pana.

Kabla hujalaumu kapla, kagua na mengine, maana mara nyingi huja kwa pamoja. Kwenye R1 bogi yako lazima izunguke takriban nyuzi 20 kila upande. Ligeuze behewa juu chini, izungushe bogi kwa kidole hadi mwisho, na tazama kwa taa ukingo wa gurudumu unapita wapi. Mabomba ya breki, ngazi za pembeni na tangi la hewa ulilolipachika chini ya sakafu ndivyo vinavyoguswa. Alama ndogo inayong'aa kwenye rangi mpya inakuonyesha mahali. Pima pia kwa kalipa umbali kati ya migongo ya magurudumu: uwe karibu milimita 40, na uwe uleule ukipima sehemu tatu za mzunguko. Ukibadilika, ekseli imepinda au gurudumu limekaa upande. Mwisho, fungua skrubu ya bogi moja kidogo ili iyumbe pande zote, na nyingine iruhusu kuinama mbele na nyuma tu. Behewa litasimama kwa miguu mitatu na magurudumu yote yatagusa reli hata pale palipopinda.

Nilimimina chembe za risasi ndani ya sakafu ya behewa kuongeza uzito, nikazishika kwa gundi nyeupe ya mbao. Sasa sakafu imevimba na imepasuka pembeni, kuna unga mweupe.

Gundi nyeupe ya PVA inatoa asidi ya siki. Asidi hiyo pamoja na hewa hugeuza risasi kuwa kaboneti, ambayo ni kubwa kuliko risasi yenyewe, na sakafu inasukumwa hadi inapasuka. Haiponi, itaendelea. Unga huo ni sumu: vaa glavu na barakoa, usipige brashi kavu, futa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kisirudi kwenye matumizi. Weka vipande vya chuma badala ya risasi, vilivyogandishwa kwa epoksi. Silikoni yenye harufu ya siki inaleta ugonjwa uleule, iepuke.

Uzito uwe chini kabisa, kati ya pini za bogi au mahali pa pini zenyewe, kamwe usiwe kwenye paa. Ukibadilisha magurudumu ya plastiki uweke ya chuma, huenda usihitaji kuongeza kitu: uzito unakaa chini kuliko mahali pengine popote, na reli hazichafuki sana. Behewa jepesi lisiwekwe mbele ya mabehewa mazito, kwa sababu kwenye kona litavutwa kuelekea ndani na kulala.

Nimeweka taa ya LED ya mbele na rezista ya omu 470, robo wati, kwenye toleo la taa la dikoda (kibao cha elektroniki kinachoongoza mota, taa na sauti) linalotoa volti 22. Ilimulika sana, rezista ikanuka, taa ikafa. Rezista mbovu?

Rezista ilikuwa nzima, umeichagua ndogo. LED nyeupe inachukua volti 3, zinabaki 19. Gawa 19 kwa 470, unapata miliampea 40. LED za kawaida zinataka zisizidi 20. Rezista yenyewe ilikuwa ikibeba robo tatu ya wati wakati imetengenezwa kwa robo. Tumia omu 2,200: miliampea 8.6, na joto la wati 0.16. Hata 4,700 inatosha kwa taa ya kichwa cha zamani, ambacho taa yake halisi haikuwa kali hivyo. Chagua nyeupe yenye joto, ya kelvini 2,700 hadi 3,000. Ile ya buluu inaua kazi yote ya rangi uliyoifanya.

Kwenye mpangilio wa rangi za waya wa NMRA, chama cha Marekani cha treni za modeli, waya wa buluu ni chanya ya pamoja na mweupe ni wa taa ya mbele. Mguu mrefu wa LED uende kwenye buluu. Kama kichwa hakina dikoda na kinaendeshwa kwa umeme unaobadilishwa mwelekeo, pitisha taa kwenye daraja la dayodi nne, vinginevyo kurudi nyuma kutaipa LED volti za kinyume na itakufa.

Ukiweka dikoda mwenyewe, kagua injini kabla ya kuwasha: kila brashi ya mota isiwe na mguso wowote na gurudumu lolote. Pima kwa multimita upande wa omu, kila brashi na kila upande wa reli. Vichwa vingi vya zamani vina bamba moja la shaba linalounganisha vyote viwili, na ukilisahau dikoda inaungua sekunde ya kwanza.

Ndani ya taa paka rangi nyeusi, kisha fedha juu yake. Plastiki nyembamba inapitisha mwanga, na boila linalong'aa kwa ndani linaharibu kila kitu.

Nimechafua behewa kwa wino uliochanganywa na spiriti ili lionekane kuukuu. Likageuka jeupe lote.

Ulipaka wino juu ya vanishi isiyong'aa. Spiriti inailainisha vanishi hiyo na kuiacha na ukungu. Puliza tabaka jepesi la vanishi ileile, mara nyingi weupe unatoweka. Safari ijayo fuata mpangilio huu: vanishi inayong'aa, dekali, vanishi inayong'aa tena, wino (kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya spiriti), vanishi isiyong'aa, na unga wa rangi mwisho kabisa. Unga ukipuliziwa vanishi juu yake hupotea karibu nusu, kwa hiyo kama ni lazima kuufunga, weka mwingi kuliko unavyotaka.

Uchafu uwe na sababu. Masizi hukaa juu ya paa na nyuma ya dohani. Vumbi la njia hupanda kutoka chini na kufifia kabla ya nusu ya ukuta. Michirizi myeupe ya chokaa hushuka kutoka kwenye valvu za usalama na vizibo vya kuoshea boila. Konrodi zina mafuta meusi yanayong'aa kwenye maungio tu. Kutu huanza pale mlango unapokwaruza ukuta. Usipake chochote kwenye uso wa gurudumu unaokanyaga reli, wala ndani ya kapla. Kapla ikikwama, pake unga wa grafiti.

Sauti ya mvuke ya kichwa changu inapiga hovyo, haifuati magurudumu. Kuna dawa bila kubadilisha dikoda?

Kama dikoda ina waya wa kupokea ishara, ndiyo. Kichwa chenye silinda mbili hupiga mara 4 kwa kila mzunguko wa gurudumu la kuendeshea. Gandisha sumaku ndogo 4 kwenye ekseli hiyo, kila nyuzi 90, na swichi ya sumaku karibu nazo, nafasi ya milimita 1 hadi 2. Kichwa cha silinda tatu kinahitaji 6, kila nyuzi 60. Sumaku zote zielekeze uso mmoja, na kabla ya kugandisha swichi moja kwa moja, zungusha gurudumu polepole kwa mkono huku multimita ikiwa kwenye mlio: uhesabu milio minne kamili. Ukipata mitatu, sumaku moja iko mbali. Ukipata zaidi ya minne, swichi imesogea karibu mno na inashtuka mara mbili.